Nini maana ya kutambua utafiti bora wa wanafunzi katika informatiki ya uuguzi

Informatiki ya uuguzi ni taaluma inayounganisha sayansi ya uuguzi, sayansi ya kompyuta na sayansi ya habari, ili yale ambayo muuguzi huyaona na kuyaandika kando ya kitanda yahifadhiwe, yachambuliwe na kutumika katika kumhudumia mgonjwa. Ndivyo wataalamu wa uuguzi Graves na Corcoran walivyoifafanua mwaka 1989, na mwaka 1992 Chama cha Wauguzi cha Marekani kikaitambua rasmi kuwa eneo la ubobezi. Kutambua utafiti bora wa mwanafunzi katika taaluma hii ni kuipa heshima ya hadharani, baada ya kupimwa na wataalamu, kazi iliyoanza na swali la uuguzi na kulijibu kwa data ambazo mtu mwingine anaweza kuzihakiki. Programu ya simu yenye sura nzuri haitoshi, hata kama imemgharimu mwanafunzi usiku mwingi wa kazi.

Umuhimu wa heshima hiyo unaonekana vizuri katika kazi ya Harriet Werley, muuguzi na mtafiti wa Kimarekani aliyewahi kutumikia katika jeshi. Kumbukumbu za hospitali zilitunza jina la ugonjwa, upasuaji uliofanyika na siku alizolazwa mgonjwa, lakini kazi ya muuguzi aliyemgeuza, kumsafisha, kumpa dawa na kumkagua usiku kucha haikuwa na mahali pake katika takwimu. Katika miaka ya 1980, Werley na muuguzi mwenzake Norma Lang waliongoza uandaaji wa orodha ya data za msingi za uuguzi yenye vipengele 16. Vinne kati ya hivyo vilihusu uuguzi wenyewe: tatizo alilolibaini muuguzi, hatua alizochukua, matokeo yake, na kiwango cha uuguzi alichohitaji mgonjwa. Ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu kazi isiyohesabiwa haipangiwi bajeti wala watumishi. Leo chama cha informatiki ya tiba cha Marekani, AMIA, kina tuzo yenye jina la Werley kwa makala ya kisayansi ambayo mwandishi wake wa kwanza ni muuguzi. Chama hichohicho huendesha mashindano ya makala za wanafunzi, na mshindi wa kwanza hupewa tuzo ya Martin Epstein.

Waamuzi hutazama kwanza uzito wa swali, kisha ufaafu wa mbinu, na mwishowe kama hitimisho limekaa ndani ya mipaka ya ushahidi. Kwa tuzo ya mwanafunzi huongezeka jambo moja gumu, nalo ni kujua kazi hiyo ni ya nani. Utafiti wa shahada ya uzamivu mara nyingi huwa tawi la mradi mkubwa wa msimamizi, na data huenda zilikusanywa kabla mwanafunzi hajasajiliwa. Hilo si kosa, mradi mwanafunzi ndiye aliyelitunga swali, akafanya uchambuzi na kuandika, na ndiyo maana kwa kawaida hutakiwa awe mwandishi wa kwanza. Binafsi naona kigezo hiki kinastahili kusimamiwa kwa ukali zaidi kuliko vyote, kwa kuwa tuzo ikimwendea msimamizi kwa mlango wa nyuma, aliyekusudiwa kuinuliwa hubaki pale pale.

Mfano wa swali lenye uzito upo. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na muuguzi Sarah Collins walionyesha kwamba namna wauguzi wanavyoandika hubeba habari kuhusu hali ya mgonjwa: muuguzi anapopima mapigo na presha mara nyingi kuliko ratiba inavyotaka, au anapoongeza maelezo asiyolazimika kuyaandika, mara nyingi ameshaona kitu kinachomtia wasiwasi, hata kama vipimo vyenyewe bado havijaharibika. Kutokana na wazo hilo uliundwa mfumo wa tahadhari uitwao CONCERN, na katika jaribio kubwa lililofanyika Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, hatari ya kufa kwa wagonjwa ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Wale hawakuwa wanafunzi, lakini swali lao lilizaliwa na tabia ya kila siku ya wodini, ambayo mwanafunzi yeyote aliyewahi kupokea zamu ameiona.

Afrika Mashariki ina maswali ya namna hiyo kwa wingi. Katika wodi zinazotumia faili za karatasi na kompyuta kwa pamoja, muuguzi huandika taarifa ileile mara mbili, na mwanafunzi anaweza kupima ni dakika ngapi zinazopotea, ni taarifa zipi hutofautiana kati ya karatasi na kompyuta, na ni ipi huaminiwa wakati wa kukabidhiana zamu. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama, ila inahitaji kibali cha kamati ya maadili na utunzaji makini wa siri za wagonjwa, hasa sasa ambapo Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Chuo cha uuguzi kinachotaka kuanzisha utambuzi huo kinaweza kuanza bila fedha nyingi: vigezo vitangazwe kabla ya utafiti kuanza, makala zisomwe bila majina ya waandishi, na jopo liwe na muuguzi wa wodini pamoja na mtaalamu wa mifumo. Mshindi apewe nafasi ya kuwasilisha matokeo yake mbele ya uongozi wa hospitali alikokusanyia data, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kubadilisha fomu na ratiba alizozichunguza.