Rimoti ya gari imegoma? Usikimbilie kuiprogramu

Magari mengi yanayotembea Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, ni ya Kijapani yaliyotumika, na rimoti zake ni zile zile zilizokuja nayo, zimeshachoka. Siku ikigoma, utasikia: "imefutika, ipelekwe ikaprogramiwe." Kufutika ni nadra sana. Kumbukumbu ya rimoti haikai kwenye kibetri. Kitoe, kilaze mezani usiku kucha, kirudishe, na gari litaitambua kama kawaida. Kuprogramu, yaani kuiandikisha rimoti upya kwenye gari, ni kazi ya mwisho kabisa, na ukiifanya vibaya unaua hata rimoti ya ule ufunguo mzima uliobaki nyumbani.

Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna vitu viwili visivyojuana. Kimoja ni rimoti yenyewe, redio ndogo inayotumia kibetri. Kingine ni chipu ya imobilaiza, ule mfumo unaozuia injini isiwake bila ufunguo wake. Chipu hii haina betri: inapewa nguvu na koili iliyozunguka tundu la ufunguo kwenye usukani. Ndiyo maana kibetri kikifa gari bado linawaka. Na ndiyo maana mtu akibadilisha kava la ufunguo, akasahau chipu kwenye kava la zamani, milango inafunguka vizuri lakini injini haikubali. Chipu yenyewe kwenye funguo nyingi za Toyota ni kijipande cheusi kisichofika urefu wa njiti ya kiberiti, kimejibana pembeni ya plastiki. Usitupe kava la zamani kabla hujakiona kwa macho.

Upande wa pili kuna gari. Kabla hujafungua rimoti, kaa kiti cha dereva ubonyeze kitufe cha loki kwenye masta swichi, ile ya vitufe vya mlango wa dereva. Milango yote ikigoma hapo pia, iache rimoti: tafuta fyuzi ya milango, kisha chunguza waya zinazopita kwenye mpira kati ya mlango wa dereva na nguzo ya bodi ya gari. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, na waya zinakatika ndani ya huo mpira bila kuonekana nje. Mlango mmoja tu ukigoma, ni mota ya loki ya mlango huo au waya zake. Ukibonyeza rimoti taa za hazadi zikawaka lakini milango ikatulia, ishara imefika na imekubaliwa. Tatizo liko kwenye mota au waya.

Kuna hitilafu mbili za upande wa gari ambazo hata mafundi huzikosa. Ya kwanza ni swichi ya mlango: gari likiamini kuna mlango uko wazi, halifungi kwa rimoti. Angalia kama taa ya mlango kwenye dashibodi inazimika. Ya pili ni kiswichi kilicho ndani ya tundu la ufunguo. Kwenye Toyota zenye ufunguo wa kuchomeka, rimoti hulala kimakusudi ufunguo ukiwa ndani. Kiswichi hicho kikinasa, gari linadhani ufunguo bado upo. Kipimo chake ni rahisi: chomoa ufunguo, fungua mlango wa dereva, usikilize. Mlio wa kukukumbusha ufunguo ukiendelea na wewe unao mkononi, umempata mchawi.

Kama gari ni zima, au ufunguo wa pili unafanya kazi na huu haufanyi, sasa fungua rimoti. Anza na kibetri, lakini usikiamini kwa kukipima peke yake. Betri ya lithiamu inashikilia volti zake karibu mpaka mwisho. Inaweza kusoma 3.0 ikiwa imelala mezani, ikaporomoka pale tu inapotakiwa kurusha ishara. Weka mita ya umeme (multimita) kwenye volti za DC, gusisha ncha kikiwa ndani ya rimoti, kisha bonyeza kitufe. Kipya husoma kama 3.2. Kikishuka chini ya 2.5 unapobonyeza, kitupe.

Soma namba. CR2032 maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2016 ina upana ule ule, unene nusu: milimita 1.6. Ukiiweka mahali pa 2032 inacheza, rimoti inafanya kazi ukiitikisa na kufa ukiitia mfukoni. Wapo wanaopachika 2016 mbili kwa sababu unene unatimia. Unene unatimia kweli, ila sasa umeipa volti 6 rimoti iliyotengenezwa kwa 3. Ikikubali siku hiyo, usishangilie.

Kibetri kipya kishike kwa ukingo. Vijiguu vya chuma vinavyokigusa vikiwa vimelala, vinyanyue kidogo kwa kibanio, milimita moja inatosha. Vikiwa na ukungu wa kijani, vifute kwa spiriti na mswaki laini.

Baada ya kibetri, mtuhumiwa ni kitufe. Mikono yenye mawese au vumbi huingiza uchafu kupitia nyufa za mpira. Kama nyuma ya mpira kuna vidoto vyeusi, safisha vidoto na njia za bodi ya rimoti (saketi) kwa spiriti, basi. Kama ni viswichi vidogo vya chuma vyenye miguu minne, weka mita kwenye mlio, pale inapolia ncha zikiunganika, na ugusishe miguu miwili iliyo mshazari: ukibonyeza ilie, ukiachia inyamaze. Kitufe kisicholia mpaka ukikandamize kwa kucha kimekwisha. Cha kubadilishia mara nyingi kipo kwenye bodi ya redio mbovu, ukubwa ukifanana. Lehemu kidogo, moto mfupi.

Rimoti iliyolowa ina sheria yake, na kwa wanaoshuka mtumbwini Kibirizi suruali ikiwa imelowa kiunoni hili si jambo la mara moja. Usibonyeze kujaribu. Toa kibetri papo hapo, maana maji na umeme pamoja ndivyo vinavyoila shaba. Chomoa bodi, isuuze kwa spiriti, ianike kivulini siku nzima. Kuizika kwenye mchele hakuondoi madini yaliyobaki juu ya bodi.

Halafu kuna kipimo cha kamera ya simu, kile cha kuangalia kama taa inamulika. Kinafaa kwa rimoti ya televisheni, inayotumia mwanga usioonekana. Ya gari karibu zote ni redio; usipoona kitu haimaanishi imekufa.

Ukifika kununua nyingine, usiagize Kariakoo kwa picha. Magari ya soko la Japani hutumia masafa ya redio ya takriban megahezi 312 hadi 315, ya Ulaya megahezi 433.92, na makava yanafanana kama mapacha. Tuma namba iliyoandikwa kwenye bodi.

Sasa ndipo kuprogramu. Kwenye Toyota nyingi za zamani hufanyika bila mashine, kwa mpangilio wa kuchomeka ufunguo na kufungua mlango unaotofautiana kwa modeli na mwaka, kwa hiyo video ya gari lingine haikufai. Sehemu ya hatari ni unapowasha na kuzima swichi ya ufunguo kuchagua kazi: mara 1 ni kuongeza rimoti, mara 2 ni kufuta zote na kuandika upya. Gari hujibu kwa kufunga na kufungua loki idadi hiyo hiyo. Likijibu mbili wakati ulitaka moja, usibonyeze chochote, chomoa ufunguo uanze tena. Likijibu moja, bonyeza loki na anloki pamoja kwa sekunde moja na nusu, achia, kisha loki peke yake kwa sekunde moja. Loki zikicheza mara moja, imepokelewa. Zikicheza mara mbili, imekataliwa. Rudia, na ikikataa tena linganisha megahezi kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.