Kwenye skrini kila kitu hukaa mahali pake

"Injinia, angalia mwenyewe, hakuna kinachogongana." Maneno hayo nimeyasikia tena Jumanne, safari hii kwa mteja anayetengeneza paneli za bodi ya ndege. Alikuwa akiizungusha modeli yake kwenye kompyuta kama mtu anayegeuza chapati, kijani tupu kila upande, na alitaka niweke sahihi ili kazi ya kuunganisha ianze. Nilikataa. Ni mara ya ngapi sijui, ndiyo maana naandika.

Dhana yenyewe ni hii: vipande vikikaa sawa kwenye simulesheni, yaani kuviunganisha kwa kuigiza kwenye kompyuta, vitakaa sawa na kiwandani. Haiko hivyo. Modeli ile inaonyesha paneli ambayo hakuna fundi aliyewahi kuitengeneza. Ina vipimo kamili vya mchoro, haina uzito, haijui joto, haijabanwa na jigi, yaani fremu inayoshika kipande wakati wa kazi. Kipande halisi kina tolaransi, yaani kosa dogo la kipimo linaloruhusiwa, na tolaransi hujumlishana. Chukua vipande 10 kwenye mstari mmoja, kila kimoja kikiruhusiwa kupungua au kuzidi milimita 0.2. Vyote vikikosea upande mmoja, mwisho wa mstari umekosa milimita 2. Ukitumia hesabu ya takwimu unapata kama milimita 0.63, na hapo ndipo wateja hutabasamu. Lakini hesabu hiyo inadai kwamba kila kipande kimekosea kivyake. Kama vyote 10 vimetoka kwenye jigi moja lililopinda, vimekosea pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na hiyo 0.63 yako ifute.

Halafu kuna joto. Alumini ya urefu wa mita 10 ikipata joto la digrii 10 zaidi hurefuka karibu milimita 2.3. Kaboni ya nyuzi haisogei kiasi cha kusumbua. Sasa zifunge pamoja mchana wa kiangazi, kwenye hanga lililoachwa mlango wazi, kwa mchoro uliochorwa kwa joto la digrii 20, kisha uniulize kwa nini matundu hayaonani! Paneli nyembamba iliyolazwa mezani nayo hubadilika umbo ikining'inizwa kwenye kreni. Ukiitoboa na kuipiga ribiti, inajivuta tena.

Anayebisha atazame Boeing 787, hii hii ambayo Air Tanzania na Kenya Airways wanairusha. Ndege hiyo ilisanifiwa kwa kompyuta, na bodi yake ni mapipa makubwa ya kaboni yanayoungwa ncha kwa ncha. Kwenye maungio hayo, mwanya unaozidi inchi 0.005, yaani milimita 0.127, lazima ujazwe kwa kipande maalumu. Huo ni unene unaozidi kidogo tu karatasi ya fotokopi. Mwaka 2020 ikabainika kwamba baadhi ya ndege zilikuwa na mianya iliyopita hapo. Kasoro hiyo na nyingine zilizofuata zilisimamisha ukabidhi wa ndege mpya kwa vipindi virefu, hadi Agosti 2022. Kwenye skrini, mwanya huo hauonekani hata ukivaa miwani ya babu.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wenzangu ofisini wamechoka kuusikia: pima kwanza. Chukua leza, pima uso wa kipande hiki na uso wa kile kitakachokutana nacho, andika na joto la siku hiyo, kisha ingiza vipimo hivyo kwenye modeli. Hapo simulesheni itakuambia mwanya utakuwa wapi na mnene kiasi gani kabla vipande havijaonana, na fundi atakuta cha kujazia kimeshachongwa. Bila vipimo vya kiwandani, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Watu hupenda kunijibu kwa Boeing 777. Kweli, iliruka mara ya kwanza mwaka 1994 ikiwa ndege ya abiria iliyosanifiwa yote kwa kompyuta, na vipande vyake vilikaa vizuri ajabu. Wanachosahau ni kwamba Boeing hata hivyo walijenga mfano halisi wa sehemu ya pua kuhakikisha. Walipoona umekaa sawa ndipo wakaacha kujenga mifano mingine.

Wengine husema: "Sisi sote tunatumia programu moja." Toleo gani? Airbus A380 ina nyaya zaidi ya kilomita 500. Kiwanda cha Hamburg, Ujerumani, kilikuwa kikitumia toleo la zamani la programu, cha Toulouse, Ufaransa, jipya, na mafungu ya nyaya yalipofika kwenye ndege yakawa mafupi. Ndege ikachelewa takriban miaka miwili.

"Simulesheni imeondoa haja ya majaribio." Mwaka 2009 bawa la 787 lilipopindwa kwenye jaribio, pale linapoungana na bodi palipata mkazo ambao modeli haikuutabiri. Safari ya kwanza ikasogezwa hadi Desemba. Tuendelee.

"Basi mafundi hawahitajiki tena." Boeing walijaribu roboti za kutoboa na kupiga ribiti bodi ya 777, na mwaka 2019 wakaachana nazo, wakarudisha mafundi wa kutumia mikono na mashine nyepesi za kutoboa. Kwangu mimi, kazi tamu kuliko zote za simulesheni ni kumweka mtu aliyechorwa kwa kompyuta ndani ya bawa na kuangalia kama kiwiko chake kinapita na kama spana inapata nafasi ya kuzunguka. Fundi aliyelala chali humo ndani kwa muda wa saa mbili atakushukuru kuliko meneja yeyote.

Yule mteja wa Jumanne nilimwuliza jigi lake lilipimwa lini mara ya mwisho. Akampigia simu msimamizi wa karakana, msimamizi akasema atamwuliza mwenzake. Leo ni Ijumaa, bado nasubiri.