Angahewa: kwa nini pumzi inakata Kibo ilhali oksijeni ni ile ile

Angahewa ni hewa yote inayoizunguka dunia, ikishikiliwa na nguvu ya mvutano isitawanyike. Hewa kavu ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1, na hewa ya ukaa asilimia 0.04 hivi. Mvuke wa maji hauna kiwango kimoja. Hutegemea mahali na hali ya hewa.

Hapa Moshi, chini ya Kilimanjaro, utasikia watu wakisema kule juu Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, oksijeni imeisha. Haijaisha. Pima hewa ya Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, utakuta asilimia 21 ile ile ya stendi ya mabasi. Kinachopungua ni hewa yenyewe. Hewa ina uzito, na ya juu huikandamiza ya chini, kwa hiyo huku chini imesongamana na kule juu ni nyepesi. Uhuru, mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni anayoivuta mtu wa Tanga. Ndipo mtu anahema, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga. Waongozaji wanaposisitiza polepole, na kumbana mgeni kidoleni kile kipimo cha oksijeni ya damu, hawamcheleweshi. Wanaulinda uhai wake. Akizidiwa, ashushwe mara moja, hata kama kilele anakiona na gharama ameshalipa.

Wapishi nao wanalijua jambo hili kwa sufuria. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Yanatokota vizuri, lakini maharage hayalainiki.

Hewa ya ukaa, kwa uchache wake wote, husaidiana na mvuke kuzuia joto lisitoroke. Bila gesi hizo wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, si 15 juu yake. Gesi ya ozoni, iliyo nyingi zaidi kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, hunyonya sehemu kubwa ya miale ya jua inayounguza ngozi.

Nitrojeni tunaivuta na kuitoa bila kuitumia. Mimea pia haiwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani, ila bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya maharage huigeuza kuwa chakula cha mmea. Ng'oa shina la maharage shambani uvitazame: vikipasuliwa vikawa vyekundu ndani, kazi inaendelea.