Maumivu ya mgongo ya upande mmoja: maana yake na namna ya kuyatuliza

Korosho zikianza kudondoka, kuanzia Oktoba hivi, mama mdogo wangu wa Newala huwa shambani tangu asubuhi. Anainama, anaokota, anaitenganisha korosho na bibo lake, anatupia ndooni, anainama tena. Msimu mmoja alinipigia simu jioni, sauti imekwisha. "Mwanangu, figo yangu ya kulia imeharibika. Upande mmoja tu ndio unaouma."

Nikamuuliza, ukigeuka kitandani inakuwaje? "Hapo ndipo ninapotaka kulia." Na ukikaa ukatulia? "Inapoa." Homa hana, mkojo wake wa kawaida, haumchomi. Kesho yake alikwenda zahanati, mkojo ukapimwa, haukuwa na tatizo. Kilichoumia ni misuli.

Nimeanza naye kwa sababu hofu yake naisikia kila mahali huku kwetu, kuanzia Masasi hadi Kilwa: upande mmoja ukiuma, basi ni figo. Watu wanakosa usingizi kwa hofu hiyo, na wengine wanakunywa dawa zisizowahusu.

Maumivu ya mgongo ya upande mmoja ni maelezo ya mahali panapouma, kushoto au kulia kwa uti wa mgongo, popote kati ya mbavu na makalio. Hayataji ugonjwa. Tena majina yetu yanachanganya: mmoja husema kiuno, mwingine nyonga, mwingine mgongo, na wote wameshika sehemu ileile. Ukifika kwa mganga wa zahanati, weka kidole panapouma. Kidole kitamsaidia kuliko jina.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni misuli na viungo vidogo vya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo. Pembeni mwa uti wa mgongo, kulia na kushoto, misuli imelala kama kamba mbili nene, na kazi zetu nyingi huvuta kamba moja kuliko nyingine. Anayelima kwa mkono wa kulia hujipinda upande uleule siku nzima. Anayebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja huegemea upande wa pili ili asianguke. Vijana wanaopulizia salfa kwenye mikorosho hubeba mashine mgongoni huku wakigeuka kuifuata miti, na wanaopakia magunia ghalani huinua mzigo huku wamejipinda. Maumivu ya namna hii yana tabia yake: yanazidi ukiinama au ukigeuka, yanapungua ukipata mkao mzuri, na mara nyingi ukibonyeza unapata mahali penyewe hasa panapouma. Wajawazito nao huumwa chini kidogo, karibu na kishimo kilicho juu ya kalio, pale uti wa mgongo unapoungana na mifupa ya nyonga.

Kuna maumivu yanayoshuka mguuni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo. Ikitokeza pembeni hugandamiza mzizi wa neva, nawe utasikia moto au umeme ukipita kalioni, nyuma ya paja, hadi chini ya goti, pengine na ganzi mguuni. Karibu kila mara ni mguu mmoja. Yanatisha, lakini kwa walio wengi hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji.

Sasa figo. Zimekaa juu kuliko watu wengi wanavyodhani, chini ya mbavu za mwisho kwa nyuma, na ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini liko juu yake. Maumivu yake hayajali umeinama au umenyooka. Jiwe likishuka kwenye mrija wa mkojo huuma kwa mawimbi, yanakuja na kuondoka, yanateremka hadi kinenani, na mgonjwa hatulii: anakaa, anasimama, anagaagaa, pengine anatapika au anakojoa damu. Maambukizi ya figo huja na homa, kutetemeka na mkojo unaochoma. Joto letu la pwani na kazi ya juani bila maji ya kutosha husaidia mawe kujengeka. Na kichocho cha mkojo, ambacho mikoa yetu inakijua, kikiachwa miaka mingi huweza kuziba mirija hiyo, mkojo ukarudi nyuma na kuiumiza figo. Mtoto anayekojoa damu apelekwe akapimwe, hata kama mgongo haumuumi.

Mara chache, upande mmoja huwaka siku mbili tatu, kisha hujitokeza malengelenge kama mshipi. Huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ndani ya siku 3 tangu malengelenge kutokea.

Kwa maumivu ya misuli, kosa ninaloliona zaidi ni kulala. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha, kisha tembea, taratibu, ndani ya uwezo wako. Mgongo usiotumika hukakamaa. Kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 15 au 20 hulegeza. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya, maadamu mkono ni mwepesi na hakuna anayekukanyaga mgongo. Ukilala, lala ubavu na mto katikati ya magoti. Mama mdogo nilimshauri aokote akiwa amepiga goti, abadilishe goti, na agawe ndoo moja iliyojaa ziwe mbili za nusu, mkono huu na huu.

Dawa za kutuliza zinataka uangalifu. Diklofenaki inauzwa kama pipi, lakini huumiza figo na tumbo ikitumika ovyo, na haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye tatizo la figo, wala wajawazito. Wenye presha waulize kwanza. Inaniuma kuona mtu anayehofia figo zake akimeza kila siku dawa inayoweza kuziumiza. Chale nazo hazifiki kwenye diski wala kwenye jiwe, na wembe wa kuchangia ni hatari.

Usisubiri kabisa ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo ukigoma au ukitoka bila habari, au miguu ikilegea. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo homa pamoja na maumivu ya ubavu, hasa kwa mjamzito, na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka mtini au kwenye bodaboda. Kukonda, kutoka jasho usiku na mgongo usiopoa wiki hadi wiki hudai kipimo cha kifua kikuu, kwa kuwa huingia hata kwenye pingili.

Kwa mengine yote, anza na zahanati iliyo karibu na uombe kipimo cha mkojo. Wakiona haja ya kuipiga figo picha ya ultrasaundi, watakuandikia rufaa ya hospitali: Ligula kwa wa Mtwara mjini, Sokoine kwa wa Lindi, Ndanda kwa wa upande wa Masasi.