Kuipa picha ya kompyuta mkono wa mchoraji

Vijana wanaonitumia kazi zao karibu wote huuliza swali moja: ni filta gani itaifanya picha iliyorendwa, yaani iliyotolewa na kompyuta kutoka kwenye umbo la pande tatu, ionekane imechorwa kwa brashi? Nawajibu kwamba filta ije mwishoni, na ije kidogo. Kompyuta ikirenda umbo la mtu huipa kila sehemu uangalifu uleule, ukucha wa mguu sawa na mboni ya jicho. Mchoraji hachori hivyo. Yeye huchagua pa kukazia na pa kupita juujuu, na uchaguzi huo ndio mtazamaji anaousikia moyoni anaposema, "hii imechorwa."

Nachora watu kwa ajili ya vitabu vya hadithi na matangazo ya maonyesho, hapa Bagamoyo. Umbo nalijenga kwenye Blender, programu ya maumbo ya pande tatu, mkono wa mwisho naupitisha kwenye Krita, programu ya kuchorea. Zote mbili ni za bure. Nitaeleza kwa picha ninayoifanyia kazi sasa: mama muuza samaki, kajifunga kanga, kasimama kando ya ukuta wa chokaa hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, asubuhi.

Kazi inaanzia kwenye mwanga. Mji wetu unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka baharini, chini, upande mmoja. Upande wa pili wa uso unapata mwanga unaorudishwa na ukuta. Basi naweka jua moja na anga, sina taa nyingine. Ukijaza taa kila upande, umbo zima linang'aa na hakibaki kivuli cha kuchora. Jua la kweli, ukilitazama kutoka ardhini, lina upana wa karibu nusu digrii. Mimi nalipanua hadi digrii tatu au nne ili ukingo wa kivuli ulainike.

Hapa kwenye ngozi nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoharibiwa. Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa kwa ngozi nyeupe: mwanga unaingia ndani ya ngozi, unatawanyika, unatoka ukiwa na wekundu. Ukinakili mipangilio hiyo kwenye ngozi nyeusi unapata mtu wa plastiki, au mtu aliyefifia kama kapakwa majivu. Melanini hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, kwa hiyo kinachochora uso mweusi ni mng'ao wa juu: paji la uso, mgongo wa pua, kifundo cha shavu, bega. Na mng'ao huo unachukua rangi ya kilichoumulika. Anga linatoa buluu, ukuta wa chokaa unatoa rangi ya maziwa. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweka buluu ya kijivu kwenye bega jeusi bila woga, na bega linapata uhai.

Kwa hiyo ile picha inayoiambia programu ngozi ing'ae wapi na ififie wapi naichora mwenyewe, kwa brashi pana, kwa miguso inayoonekana. Siichukui kwenye picha ya kamera yenye vinyweleo. Mwanga ukipita juu ya miguso hiyo unavunjika vipande vipande, na tayari uso umeanza kuonekana umepakwa rangi kabla sijagusa filta yoyote.

Kuna hila ya pili inayofanana na hiyo. Kila nukta juu ya umbo ina mwelekeo wake, na programu huusoma mwelekeo huo ili kujua mwanga uangukeje. Tunauita normali. Nikizifanya nukta za eneo dogo zote zitazame upande mmoja, mwanga unaanguka hapo kama bapa moja, lenye umbo la mguso wa brashi. Ila angalia njia ya brashi. Kwenye mkono wa mama huyu miguso inauzunguka mkono. Kwenye shavu inafuata mviringo. Kwenye ukuta inakwenda ovyo. Ukiipanga yote upande mmoja picha inakufa.

Sasa kanga. Kompyuta itaandika jina la kanga herufi kwa herufi, hata ndani ya mkunjo, hata nyuma ya goti lililo kivulini. Mimi pindo nalimaliza vizuri pale nyongani penye jua. Kivulini naacha mabaka ya rangi tu. Kwenye jina yanabaki maneno mawili yanayosomeka, mengine yanageuka michirizi inayofuata mkunjo. Chagua hayo maneno mawili kwa makini, kwa sababu kila mtazamaji wa hapa atayasoma.

Filta ninayoipenda ni Kuwahara. Ilibuniwa mwaka 1976 kwa ajili ya kusafisha picha za kitabibu za moyo, na Blender iliiongeza toleo la 4.0, mwaka 2023. Inalichukua eneo linaloizunguka kila pikseli, inaligawa robo nne, inatafuta robo iliyotulia zaidi kwa rangi, na kuipa pikseli wastani wa robo hiyo. Matokeo yake maeneo yanalainika na kingo zinabaki. Ni nzuri sana, lakini haijui jicho ni nini. Natoa nakala tatu za picha, yenye filta ndogo, ya kati na kubwa, kisha nazichanganya kwa maski, yaani kifuniko kinachoamua nakala ipi ionekane wapi: usoni na viganjani ile ndogo, kwenye kanga ya kati, ukutani kubwa.

Kingo nazo zisiwe sawa. Bega lenye jua likatwe vizuri dhidi ya ukuta wenye kivuli. Upande wa pili, mgongo uyeyuke kwenye giza. Nywele zilizosukwa nazichora kwa mafungu, unywele mmoja mmoja ni pale kwenye kipaji tu. Macho, midomo na vidole namalizia kwa mkono, Krita, bila msaada wowote.

Nafahamu wapo wanaotaka mkono wa tingatinga, ule mtindo wetu wa uchoraji. Hiyo ni njia nyingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alituachia rangi bapa zinazong'aa na mstari wa wazi. Humo mwanga hauchori umbo, kwa hiyo karibu yote niliyoeleza hapa juu uyaweke kando.

Kwa anayetaka picha itembee: miguso iwe imegandishwa kwenye mwili. Ikibaki kwenye skrini huku mtu akitembea chini yake, inaonekana kama uchafu wa kioo. Barbara Meier, mtaalamu wa picha za kompyuta, alionyesha suluhisho hilo mwaka 1996, kila mguso ukishikizwa kwenye nukta iliyo juu ya umbo.

Kwenye uchapaji, saizi ya brashi inaamuliwa na karatasi. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, kwa hiyo mchirizo wa pikseli 12 utachapwa ukiwa na upana wa milimita moja tu, na mtu aliyeushika ukurasa mkononi hatauona kama brashi. Ukiikuza picha hiyohiyo kuwa A2, kila mchirizo unapanuka mara mbili na uso unaanza kuwa mzito. Ndiyo maana mteja namuuliza ukubwa wa karatasi kabla ya yote, na akiongeza bango baadaye narenda upya kwa brashi ya saizi yake.