Tiba ya masafa kwa tezi dume na thairoidi: ni nini hasa?

Masafa ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na hupimwa kwa hertz. Umeme wa nyumbani, kwa mfano, hutetema mara 50 au 60 kwa sekunde. Wauzaji wa "tiba ya masafa" hudai kwamba kila kiungo na kila kijidudu kina masafa yake, hivyo mashine ikigonga namba inayofanana nayo, tezi itatengemaa au kijidudu kitapasuka. Dai la kuua vijidudu kwa njia hii lilivumishwa na Mmarekani Royal Rife miaka ya 1930, na hadi leo mashine nyingi huuzwa kwa jina lake.

Kwa kawaida ni kisanduku chenye nyaya mbili na vishikio viwili vya chuma. Unachagua namba ya tezi dume, unashika, unasubiri. Sasa fuata njia ya umeme: unaingia kiganja kimoja, unapanda mkono, unakatiza kifua, unatokea kiganja cha pili. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, ndani ya nyonga, mbali na njia hiyo. Thairoidi iko shingoni, karibu kidogo, lakini nayo si njia kuu. Na hata umeme ungefika, tishu ni laini na imejaa maji. Mtetemo humezwa humo, haujengeki kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Isitoshe, tezi dume kutanuka uzeeni hakuletwi na kijidudu, bali na homoni za kiume.

Kisanduku hichohicho wakati mwingine hutumika "kupima" viungo. Kinachosomwa ni ukinzani wa ngozi tu, yaani jinsi ngozi inavyozuia umeme kupita. Kaza vishikio, au shika ukiwa na jasho viganjani, namba hubadilika papo hapo.

Utaambiwa hata hospitali hutumia masafa. Ni kweli. Vinundu vya thairoidi huchomwa kwa sindano ya mawimbi ya redio, daktari akiiongoza kwa ultrasaundi. Tezi dume nayo huweza kupunguzwa kwa joto la maikrowevu kupitia mrija wa mkojo. Ila hapo kinachofanya kazi ni joto lililolengwa sehemu moja, linaloua tishu. Hakuna namba ya siri.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba wamepona? Kwa thairoidi iliyolegea, yaani isiyotoa homoni ya kutosha, jibu lipo kwenye kidonge anachomeza mgonjwa kila siku. Homoni iliyomo, levothairoksini, hupungua mwilini polepole mno: baada ya siku 7 hivi bado nusu ipo, baada ya wiki mbili robo. Mtu anaacha vidonge Jumatatu, anashika mashine kila jioni, na wiki nzima yuko sawa. Sifa inakwenda kwa mashine. Uchovu, baridi na choo kigumu hurudi baadaye, taratibu, hata asivihusishe na vidonge alivyoacha. Kipimo cha damu cha TSH, kinachotumika kukagua thairoidi, nacho huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia, kwa hiyo cha wiki ya pili hudanganya.

Kwenye tezi dume, dalili hupanda na kushuka zenyewe. Kupunguza vinywaji jioni au kuacha dawa za mafua zinazobana shingo ya kibofu kunatosha kuleta nafuu. Anayetumia finasteraidi, dawa ya tezi dume iliyotanuka, ajue pia kwamba dawa hiyo hushusha PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) kwa takribani nusu ndani ya miezi 6 hadi 12, na mwenye mashine atajidai kazi ni yake.

Ukiamua kuijaribu hata hivyo, usiguse dozi yako ya vidonge. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito na mwenye kifafa wasiishike kabisa. Mkojo ukigoma kutoka huku tumbo la chini limejaa na linauma, nenda hospitali saa hiyohiyo uwekewe mpira wa kutoa mkojo. Mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi naye akipata homa, moyo ukaenda mbio na akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura.