Je, wajua? Saluni ya kasi yenye fowili ni ya mpenda magari au ya mwenda kazini kwenye theluji?

Ni alfajiri, nyuzi nane chini ya sifuri. Kilima kimefunikwa na theluji iliyoshuka usiku na kushindiliwa na malori. Magari mawili yamesimama kwenye taa nyekundu, pua zikitazama juu. Taa inageuka kijani. La kwanza, linalovutwa na magurudumu ya mbele, linaanza kusaga: matairi yanazunguka palepale na kuisugua theluji mpaka inang'aa kama kioo, lakini gari halisogei. La pili ni saluni ya fowili, yaani injini yake huzungusha magurudumu yote manne, yenye tundu la hewa kwenye boneti na bawa dogo nyuma. Linaondoka taratibu, kana kwamba barabara ni kavu.

Anayetazama kutoka kando ya njia ataamua papo hapo kwamba hilo la pili ndilo gari la majira ya baridi. Lakini kilima kina upande wa pili, na huko chini kuna taa nyingine.

Swali hili huulizwa sana kuhusu magari kama Subaru WRX, Mitsubishi Lancer Evolution na saluni za Audi zenye quattro, jina ambalo Audi huiita fowili yake: yametengenezwa kwa ajili ya wapenda mwendo, au kwa mtu anayetaka tu kufika kazini salama wakati barabara ni nyeupe? Historia yake inashangaza kidogo, kwa sababu theluji ilikuwepo kabla ya mbio.

Mwaka 1971 Subaru ilitengeneza magari machache ya fowili kwa ajili ya Tohoku Electric Power, kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani. Mafundi wake walihitaji kufika kwenye nyaya milimani wakati wa baridi, na magari ya aina ya jip waliyokuwa nayo yaliwatesa kwa baridi na mtikisiko. Walitaka gari la kawaida, lenye joto ndani, ila lisikwame. Kutokana na jaribio hilo, mwaka 1972 likaja Leone la fowili, gari la kazi la bodi ndefu ambalo umma uliweza kulinunua. Halikuwa na turbo wala bawa. Lilikuwa gari la watu waliokuwa na kazi ya kufanya kwenye theluji.

Upande wa Ulaya mambo yalifanana. Majira ya baridi ya 1976 kuingia 1977, wahandisi wa Audi walikuwa Finland wakijaribu magari. Mmoja wao, Jörg Bensinger, aligundua kwamba Volkswagen Iltis, gari la kijeshi lenye nguvu za farasi 75 tu, lilikuwa likiyaacha nyuma magari yenye nguvu kubwa zaidi kila walipoingia kwenye theluji. Akajiuliza ingekuwaje mfumo ule ukiwekwa kwenye gari la barabarani lenye injini kali. Januari 1978 gari la majaribio lilipanda njia ya Turracher Höhe nchini Austria, yenye mwinuko wa asilimia 23 (kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 23), likiwa na matairi ya kiangazi.

Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha kwa nini gari la kawaida haliwezi tu kuunganishwa shafti kutoka mbele hadi nyuma na mambo yakaisha hapo. Inasimuliwa kwamba mke wa bosi wa utafiti wa Volkswagen, kampuni mama ya Audi, aliliendesha gari lile la majaribio mjini Vienna, akarudi na lalamiko: linarukaruka ukikata kona ya kuegesha. Alikuwa sahihi kabisa. Gari likipinda, magurudumu ya mbele hupita kwenye duara kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima yazunguke mara nyingi zaidi. Ukiyafunga pamoja kwa shafti moja unayalazimisha yaende sawa. Kwenye matope au theluji tairi huteleza kidogo na tatizo likaisha, lakini kwenye lami kavu halina pa kutelezea, hivyo mfumo mzima hujikaza halafu huachia kwa kishindo. Dawa yake ni difu ya kati, ambayo hugawa nguvu mbele na nyuma huku ikiruhusu pande hizo mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Audi waliiingiza ndani ya giaboksi kwa kutumia shafti yenye uwazi katikati, shafti nyingine ikipita ndani yake. Ndiyo tofauti kati ya fowili ya kudumu ya saluni hizi na ile ya magari ya porini ambayo dereva huiwasha kwa mkono anapofika kwenye tope.

Audi Quattro ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1980. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola alishinda nayo rali ya Sweden, kwenye theluji, na Michèle Mouton akashinda ile ya Sanremo, Italia. Baada ya miaka michache, gari linaloendeshwa na magurudumu mawili tu kati ya manne halikuwa tena na nafasi kubwa katika rali. Mwaka 1992 zikazaliwa Impreza WRX na Lancer Evolution, zote kwa ajili ya mashindano. Kanuni zilidai kwamba gari la mbio litokane na gari linalouzwa kwa umma, basi kampuni zikalazimika kuuza saluni za milango minne zenye moyo wa gari la rali. Colin McRae akawa bingwa wa dunia mwaka 1995 akiwa na Subaru, kisha Tommi Mäkinen akatwaa taji mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999, akiwa na Lancer. Fundi wa umeme na dereva wa rali ndio wazazi wa gari hili, na mtoto amerithi kwa wote wawili.

Turudi kilimani, tufanye hesabu. Chukua saluni ya kilo 1,500. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, tairi linaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia robo ya uzito uliolikalia. Gari la kuvutwa mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake upande huo, yaani kilo 900, na robo yake ni sawa na uzito wa kilo 225. Kilo 600 za nyuma hazisaidii chochote, zinaburutwa tu. Gari la fowili hutumia uzito wote, na robo ya kilo 1,500 ni 375. Kwa mwinuko, la kwanza linaishia kwenye asilimia 15 na la pili linafika 25. Hali halisi ni mbaya zaidi kwa lile la kwanza, maana gari likielekea juu uzito huhamia nyuma na kuyapunguzia mzigo magurudumu yale yanayovuta. Ndiyo maana lilisaga kwenye taa.

Sasa shuka upande wa pili. Kila gari, liwe la kuvutwa mbele, kusukumwa nyuma au fowili, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Shafti na difu zote zile hazina msaada wa maana hapo. Kwa mshiko uleule wa robo, gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa huhitaji kama mita 39 kusimama, hata kwenye tambarare, wakati kwenye lami kavu lingetosheka na mita 12 hivi. Kwenye barafu tupu zinakaribia mita 100. Hesabu haiulizi una fowili au huna. Inauliza tairi gani limegusa chini.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba fowili huficha habari. Dereva wa gari la kuvutwa mbele huonywa mapema: anakanyaga mafuta, tairi linasaga, usukani unalegea, moyo unamwambia barabara inateleza leo. Mwenye saluni ya fowili haonywi. Anaondoka vizuri, anafika kilomita 70 vizuri, na mara ya kwanza anayopata kuujua utelezi ni pale anapoihitaji breki. Ukiliendesha gari la aina hii kwenye theluji, jenga mazoea ya kugusa breki kidogo mwanzoni mwa safari, mahali ambapo hakuna mtu nyuma yako, usikie barabara ikoje kabla hujaihitaji.

Kisha kuna suala la matairi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. WRX ya sasa huuzwa Marekani ikiwa na matairi ya kiangazi. Mpira wake umechanganywa ili ushike lami yenye joto, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi huanza kukakamaa. Kwenye theluji, mifereji iliyo kati ya kashata zake pana hujaa na tairi huwa laini kama kipara. Kwa hiyo mtu anaweza kununua gari kwa sababu ya fowili, akalitoa dukani likiwa na matairi ambayo mtengenezaji mwenyewe anaonya yasitumike kwenye theluji. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini na mikato mingi midogo kwenye kila kashata, inayoiuma theluji. Likague ubavuni: alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake ndiyo inayothibitisha kwamba limepimwa kwenye theluji. Quebec, nchini Kanada, sheria inayataka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na kuwa na fowili hakumsamehe mtu. Ningelazimika kuchagua kimoja, gari dogo la kuvutwa mbele lenye matairi manne mazuri ya baridi au fowili yenye matairi ya kiangazi, ningechukua lile dogo bila kusitasita. Lingeweza kunikwamisha kilimani, lakini lingesimama kwenye taa ya chini.

Urithi wa upande wa rali nao una gharama zake kwa mwenda kazini. WRX iko sentimita 14 hivi tu kutoka ardhini, wakati Crosstrek ya kampuni hiyohiyo ina 22. Tofauti hiyo huonekana asubuhi ambapo greda limepita na kuacha tuta la theluji kwenye lango lako. Ukilivamia, bampa inasukuma, theluji inajikusanya chini ya tumbo, gari linanyanyuka na matairi yanabaki yakining'inia. Wakati huo fowili inazungusha magurudumu manne bure badala ya mawili. Tairi lenye ubavu mwembamba na springi ngumu havipendi mashimo yanayofunguka barafu inapoyeyuka, rimu ndizo huumia. Mafuta ni karibu lita 11 kwa kilomita 100 kwa WRX ya gia za mkono. Na kama kazini ni kilomita nne tu, injini ya turbo inazimwa kila siku kabla oili haijapata joto sawasawa, jambo ambalo haliipendezi injini yoyote.

Lakini sitaki kumnyima haki mpenda magari, kwa sababu majira ya baridi ndiyo msimu wake. Kwenye lami kavu, kuifikisha saluni kama WRX, yenye nguvu za farasi 271, mwisho wa mshiko wake kunataka kasi ambayo haina mahali halali barabarani. Kwenye ziwa lililoganda, katika uwanja uliotengwa wa mafunzo kama vile vya Sweden na Finland, kilomita 40 kwa saa zinatosha. Unaingia kwenye kona, unaachia mafuta kidogo, mkia unaanza kutoka nje polepole kiasi kwamba unapata muda wa kufikiri, unanyoosha usukani, unakanyaga tena, na magurudumu manne yanakuvuta kutoka konani huku theluji ikiruka pembeni. Tairi lina akiba moja tu ya mshiko, na chochote unachotumia kusukuma unakipunguza kwenye kukata kona. Fowili inagawa mzigo wa kusukuma kwa matairi manne, kila moja likabakiwa na kidogo cha kupindia. Aliyelihisi hilo mikononi mara moja huwa dereva makini zaidi hata akirudi kwenye gari la kawaida.

Basi gari hili namshauri nani? Yule ambaye angelitaka hata katikati ya kiangazi, anayefurahia klachi na gia, na anayeishi mahali penye theluji. Huyo anunue, pamoja na seti ya pili ya rimu zenye matairi ya baridi, ikiwezekana membamba kidogo kuliko ya kiangazi, maana tairi jembamba huikata theluji badala ya kuelea juu yake. Anayetafuta kufika tu, na ana kilima kisichopitiwa na greda, atatumikiwa vizuri zaidi na fowili isiyo ya mashindano, iliyo juu zaidi na yenye kiti laini. Asiye na kilima anunue matairi mazuri na kubaki na gari alilo nalo.

Atakayelichukua kwa mtumba aanze kwa kuchuchumaa kwenye kila gurudumu. Kwenye fowili ya kudumu matairi yote manne yanapaswa kuwa ya aina moja na kuchakaa sawa, kwa sababu tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililolika, na tofauti hiyo huifanyisha kazi difu ya kati bila kupumzika, kilomita baada ya kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka. Ukikuta matatu yamelika na moja jipya, muulize mwenye gari limekwenda hivyo kwa muda gani, kisha ulipeleke kwenye uwanja wa kuegesha wenye lami kavu, ukate usukani hadi mwisho na uliendeshe polepole kwenye duara. Likirukaruka kama lile la Vienna, difu ile imeshaumia.